Mgeni wa Lavash Afike Moto Unapowashwa

Ndugu zangu waongoza watalii, hili nimelisema vikao vingi na leo nalirudia. Ratiba inayompa mgeni dakika 40 kijijini Armenia, abandike lavash moja, ule mkate mwembamba wa huko, apigwe picha, azungushwe kwenye ngoma kisha apandishwe basi, haijamwonyesha urithi wowote. UNESCO ilipoiandikisha lavash kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014 ilitaja na utayarishaji wake, na utayarishaji huanzia kwenye moto.

Tonir ni tanuri la udongo lililofukiwa sakafuni. Kuni huachwa ziwake mpaka zibaki makaa na ukuta ushike joto pande zote. Hapo ndipo wenyeji hukubali kuharakishwa, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ukuta ukiwa haujapata joto, mkate unabanduka na kuangukia makaani. Ukizidi moto, malengelenge yanaungua kabla katikati hapajaiva.

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano weka maji kama mililita 550 na chumvi gramu 20. Kanda mpaka ulainike, funika, uache upumzike nusu saa au zaidi. Usipopumzika, unajikunja kila ukiusukuma, na ukiutandaza juu ya ule mto wa kitambaa wa kubandikia mkate ukutani mwa tanuri unachanika.

Kisha tazameni watu. Mmoja anakata madonge, mwingine anasukuma, wa tatu anavuta na kubandika, wa nne anaopoa kwa ndoano. Mkate huiva kwa nusu dakika hadi dakika moja, kwa hiyo mmoja akizubaa wote wanakwama. Kupokezana huko kwa akina mama ndiko ninakotaka mgeni akuone!

Mtaniambia mgeni hana subira. Mpeni kazi: asukume madonge. Mto asipewe, maana anayebandika huinama juu ya makaa na mkono wake unaingia tanurini.

Mtaniambia pia mikate ya namna hii iko Iran, Uturuki na Azerbaijan. Ndiyo, iko, na UNESCO iliitambua mwaka 2016. Ugomvi huo usiletwe mbele ya mgeni mwenye njaa.

Harisa, ule uji mzito, nitaigusa tu: ngano iliyokobolewa na kuku, moto mdogo, saa nyingi. Waarmenia wenye asili ya Musa Dagh, mlima ulioko Uturuki, huipika usiku kucha kila Septemba. Moto ukizidi, inashika chini na harufu ya kuungua inaenea sufuria nzima.

Muda unanibana, na kochari, ile ngoma ya kucheza kwa mstari, bado. Iliandikishwa 2017. Ondoeni spika. Mpiga dhol, ile ngoma ya kupigwa, hutazama miguu ya wachezaji ndipo aongeze kasi, lakini rekodi haimsubiri mtu. Mgeni awekwe katikati ya mstari, kati ya wawili wanaoijua, asikae mwishoni, kwa sababu akijikwaa huko hana wa kumshika upande wa pili.

Na malipo: wapiga zurna, yaani zumari, na dhol walipwe siku hiyo hiyo, pamoja na akina mama wote wanne wa tonir, na yule wa kukata madonge asiachwe.