Vuta Kitasa Kabla Hujaondoka: Kuegesha Gari Salama Nairobi

Karibu mtazamaji. Leo tuko Westlands, ghorofa ya juu ya maegesho ya jengo la maduka, na gari la mfano ni hii Fielder nyeupe. Nimeichagua makusudi, maana wezi wa maegesho hawangoji magari ya mabwanyenye. Wizi mwingi wa hapa hauna kelele: mtu anaingia dukani kununua maziwa, anarudi, gari lipo, mlango hauna hata mkwaruzo, lakini laptopu haipo. Karibu kila kitu huharibika katika dakika mbili, ile ya kushuka na ile ya kupanda. Hizo ndizo tutakazozishughulikia.

Hatua ya kwanza hufanywa kabla hujafika. Begi la kufichwa lifiche ukiwa nyumbani au ofisini. Tazama nikifanya kosa ambalo wengi hufanya: naegesha, nashuka, nafungua buti, naingiza begi, nafunga, naenda zangu. Nimejiona mjanja, kumbe nimemwonyesha kila mtu aliyeketi ndani ya magari haya mali iliko. Waya wa chaji pia uondoe pale kwenye dashibodi, kwa sababu unamwambia mwizi kuwa kuna kitu hapa huwa kinachajiwa. Na logibuku haikai ndani ya gari. Haikai kabisa.

Hatua ya pili ni mahali pa kusimama. Nairobi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima ikifika saa moja jioni ni giza. Ukiegesha saa tisa mchana, usiangalie jua lililopo. Angalia kama kuna taa juu yako, kwani utarudi usiku. Kaa karibu na lango au kibanda cha soja, epuka nguzo nene na vani zisizo na vioo vya ubavuni. Ingiza gari kinyumenyume, hivi, ili ukiondoka uondoke mara moja ukitazama mbele.

Mjini kati, utakuta kijana anakupungia mkono: "Kuja, kuja, kata yote, hapo!" Msalimie vizuri. Wengi wao ni watu wa kazi na macho yao yana faida kuliko kamera iliyokufa. Ila chai yake mpe ukirudi, wala usimwachie ufunguo hata kama umezuia gari la mwingine. Na anayekuja akidai yeye ni kanjo, yaani askari wa kaunti, anataka noti mkononi, mwombe kitambulisho cha kazi. Ada ya kaunti hulipwa kwa simu.

Sasa tufike hatua ya tatu, na hapa naomba usiruke mbele. Rimoti ya gari ni redio ndogo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na mengi ya Ulaya 433. Mwizi aliye na kifaa cha kutoshea mfukoni hurusha mawimbi ya fujo kwenye masafa hayohayo, na gari lisisikie amri yako. Wewe umebonyeza huku unatembea, simu iko sikioni, umeshafika kwenye lifti. Yeye anasogea polepole na kufungua mlango kama mwenye gari. Hajavunja kitu, king'ora hakijalia, na soja aliyemwona alidhani ni mkeo au shemeji yako.

Kinga yake ni mkono. Kamera isogee hapa kidogo. Nimesimama karibu na mlango, nabonyeza. Sikia: kacha! Taa za indiketa zimewaka na kuzima. Usiridhike bado. Nashika kitasa cha dereva, navuta. Kimekataa. Napita nyuma, buti nayo navuta. Imekataa. Mlango wa abiria wa nyuma, huu ambao watoto huuacha haujafungwa sawasawa, navuta pia. Ni sekunde chache tu.

Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe, mna shida yenu. Ukishika kitasa na ufunguo uko mfukoni, mengi ya magari hayo hujifungua yenyewe, halafu unadhani hayakufungwa. Mpe mwenzako ufunguo asimame mbali kidogo ndipo ujaribu, au chungulia kwenye kioo uone kama kitufe cha ndani kimejifunga.

Ukibonyeza mara mbili na gari halijibu, inawezekana ni betri ya rimoti. Inawezekana pia kuna mtu anakungoja uondoke. Huna haja ya kujua ni lipi. Funga kwa ufunguo wenyewe mlangoni, na kama hutaki kubahatisha, hamisha gari ukamwambie soja.

Tiketi ya maegesho nenda nayo. Pale ambapo tiketi ndiyo hufungua kizuizi, ukiiacha kwenye dashibodi umemwachia mwizi gari pamoja na ruhusa ya kutoka. Wengi tunaamini kwamba tukishakaguliwa langoni tumelindwa. Ukaguzi ule wa kupitisha kioo chini ya gari na kufungua buti ulikazwa katika majengo ya maduka baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Unatafuta bomu na silaha. Mtu aliyevaa shati safi, mwenye kifaa kidogo cha redio mfukoni, atapita hapo akisalimiwa.

Hatua ya nne, kurudi. Ufunguo mkononi, simu mfukoni. Kama umetoka benki au kwa wakala wa M-Pesa, usihesabu pesa ndani ya gari, na ukihisi kuna mtu amekuwa nyuma yako tangu kaunta, rudi ndani. Ukishapanda, funga milango kwanza, mkanda baadaye, muziki mwisho kabisa. Ukiwa na mtoto, muingize yeye kabla ya mifuko ya ununuzi.

Atakuja mtu kugonga kioo: "Mkubwa, gurudumu lako la nyuma limeisha upepo." Au, "Madam, umeangusha pesa." Ukifungua mlango ushuke kuangalia, mwenzake anafungua ule wa upande wa pili na mkoba unaenda. Mshukuru bila kushusha kioo, endesha taratibu hadi kwa soja au kituo cha mafuta, uangalie hapo. Kama kweli halina upepo, mita hamsini hazitakuumiza kuliko huo mkoba.

Na ikiwa ana silaha, toa ufunguo. Mikono ionekane, usimkodolee macho, usibishane. Kama mtoto yuko nyuma, sema wazi kwa sauti ya kawaida: "Kuna mtoto nyuma, namtoa." Gari lina bima. Hata kama halina.

Kidogo kuhusu langoni nyumbani, kwa sababu wengi hulegea hapo. Kupiga honi dakika tatu usiku ukingoja soja aamke ni kujitangaza. Mpigie simu ukiwa kona moja kabla. Ukiona gari limekufuata hadi barabara ya mtaa wako, pita lango lako uende kituo cha polisi kilicho karibu.

Likishatokea, piga 999 au 112. Nenda kituoni uandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kwani bima itaiuliza, na utaihitaji kupata abstrakti, yaani hati ya polisi, ya vitambulisho vilivyopotea. Simu ikiibwa, piga mtandao wako wafunge laini kabla hujaanza kulilia picha.

La kuibiwa vioo vya pembeni nimeliacha mwisho kwa sababu lina mtego. Mafundi wa jua kali hukuchongea namba ya gari kwenye kila kioo na taa, wengine hupiga na ribiti. Fanya hivyo, kwani kioo chenye namba yako ni kigumu kuuza. Lakini kikishaibwa, utashauriwa uende ukakitafute Kirinyaga Road, Grogan ya zamani, ukinunue tena kwa bei poa. Wako wauzaji halali wengi pale, na kioo kilichotumika si kosa. Kosa ni kununua kitu ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba kimeibwa: Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 14. Kwa hiyo igeuze bidhaa, angalia kama kuna namba iliyokwaruzwa ikafutwa, na udai risiti yenye jina la duka. Muuzaji akianza kukuambia risiti zimeisha leo, mrudishie kioo chake.