Kanisa Kuu la Ani litazamwe kwa ajili yake lenyewe

Wafalme wa Bagratuni, waliotawala Armenia mji wao mkuu ukiwa Ani, mnawajua, na Ani ilipo mnapajua: Uturuki, ukingoni mwa mto Akhurian, ng'ambo yake ni Armenia. Hayo nayaruka. Nataka kuzungumza juu ya fundi aliyelijenga kanisa hili, maana kila siku naulizwa habari za wafalme na hakuna anayeniuliza habari za Trdat.

Oktoba 989 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu ya kuba la Hagia Sophia kule Konstantinopoli. Fikirini, kanisa la kaizari mwenyewe! Stepanos wa Taron, mwanahistoria Mwarmenia aliyeishi zama hizohizo, anasimulia kwamba mafundi wa Kigiriki walihangaika kulirudisha, na Trdat akawapo mjini. Akachora ramani, akaunda kielelezo, kazi ikaanza. Mwaka 994 kanisa likafunguliwa tena. Ukisimama leo chini ya kuba lile na kutazama upande wa magharibi, unaitazama kazi ya mikono yake. Imestahimili matetemeko ya miaka elfu moja na zaidi!

Trdat huyo ndiye aliyejenga Kanisa Kuu la Ani. Lilianzishwa na mfalme Smbat wa Pili mwaka 989, naye akafariki muda mfupi baadaye. Aliyelikamilisha ni Malkia Katranide, mke wa Gagik wa Kwanza, na maandishi ya mwaka 1001 yamechongwa ukutani upande wa kusini. Mwanamke huyu naye husahauliwa katika mihadhara, na hilo linaniudhi.

Sasa ingieni ndani. Nguzo nne zimesimama huru. Kila nguzo imechongwa kama vijiguzo vingi vilivyofungwa pamoja, na macho yako yanavifuata hadi juu bila kukwama, mpaka kwenye matao yaliyochongoka. Juu ya matao ilikaa shingo ya kuba, yaani ukuta wa mviringo unaoliinua, kisha kuba lenyewe. Kuta zimevikwa jiwe laini la volkano, limekatwa vipande na kusawazishwa ndani na nje; katikati ni kifusi kilichoshikana kwa chokaa. Huo moyo wa chokaa ndio unaoubeba mzigo, na ndio maana vipande vya nje vikibanduka ukuta bado unasimama.

Najua kuna mtu hapa ameshainua kidole moyoni: matao yaliyochongoka, nguzo za vifungu, si ndio ujenzi wa Kigothi wa Ufaransa, na Ani umeutangulia kwa zaidi ya miaka 100? Josef Strzygowski, mwanahistoria wa sanaa, aliitetea sana fikra ya namna hiyo, Armenia kama chimbuko la ujenzi wa Ulaya. Nimechoka nayo. Kule Ufaransa nguzo na matao vinabeba dari la mbavu, yaani dari la mawe lililoshikiliwa na matao membamba, kwa urefu wote wa kanisa. Hapa vinabeba kuba moja katikati. Ni shida mbili, na majibu mawili. Tena kwa nini jengo la Ani lipewe heshima kwa sababu tu linafanana na lililojengwa Paris? Trdat hakuwa akifanyia mtu mazoezi. Alitaka ukumbi mrefu na kuba juu yake kwa pamoja, akavipata vyote viwili.

Yaliyobaki nitayasema haraka. Mwaka 1064 Sultani Alp Arslan na Waturuki wake Waseljuki waliuteka mji, kanisa likawa msikiti, kisha katika karne ya 12 likarudi kwa Wakristo. Mwaka 1319 tetemeko liliangusha kuba. Lile la Desemba 1988 lilibomoa pembe ya kaskazini-magharibi. Kanisa la Mwokozi, jirani yake, nusu nzima iliporomoka mwaka 1957. Ani iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016.

Wengine wanataka kuba lijengwe upya. Mimi sitaki. Hatuna michoro ya Trdat, na tutakachokiweka juu ya nguzo zake kitakuwa kazi yetu iliyobandikwa jina lake. Pesa ziende kwenye ile pembe ya kaskazini-magharibi na kwenye chokaa ya kuta, kwani huko ndiko maji ya theluji yanakoingia. Gagkashen, kanisa la duara alilojenga Trdat huyohuyo, sina muda nalo tena. Mwenye swali aulize.