Hasira ya Jumamosi, Mahubiri ya Jumapili

Bwana asifiwe, wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa.

Liko jambo linalotokea makanisani mwetu, kuanzia Kayole hadi Kawangware, jijini Nairobi. Jumamosi jioni mweka hazina anauliza kwenye kundi la WhatsApp la wazee: pesa za viti zilishatoka, mbona risiti hazijaletwa? Mchungaji anasoma, anazima simu. Kesho yake anafungua Hesabu 16, habari za Kora aliyemezwa na ardhi kwa kumpinga Musa. Washirika wanatazamana. Mama yule mweka hazina, safu ya tatu, anafunga Biblia yake na kuipakata. Anajua anayesemwa ni yeye, na kanisa zima linajua.

Andiko lilikuwa sahihi. Lakini yaliyotoka mimbarini ni machungu ya mtu yaliyovishwa joho la Neno, na mama yule hana pa kujibia, kwa kuwa mahubiri hayajibiwi. Mimi naiita dhuluma.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika mwaka 1990 kuhusu akili ya hisia: uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, kuzipambanua, na kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Wapo kati yetu wanaosema hayo ni ya kidunia. Basi someni Nehemia 5. Maskini wanalia kwamba ndugu zao wenyewe wanawatoza riba, mashamba yamewekwa rehani, watoto wanatiwa utumwani. Nehemia anakasirika sana, wala hafichi. Kisha anashauriana kwanza na nafsi yake. Ndipo anawakabili wakuu, anawaambia kosa lao, anaitisha mkutano mkubwa juu yao. Hasira yake ilifanya kazi, ila hatamu alishika yeye.

Sisi tumezoeshwa kwamba mtumishi hachoki wala haumii. Eliya alichoka hadi akaomba kufa. Malaika akampa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Baada ya maandamano ya Juni 25, 2024, ya kupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya, vijana walirudi kanisani na uchungu wa wenzao waliouawa, na uchungu juu yetu pia, kwa kuwapa wanasiasa mimbari. Wapo wachungaji waliokimbilia Warumi 13, panaposema kila mtu aitii mamlaka, kabla ya kuwauliza wamempoteza nani. Baadhi ya vijana hao hawajarudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ujumbe ukikuchoma Jumamosi, jibu hivi tu: "Nimeuona, mama, tuketi Jumatatu." Kisha mpigie mchungaji wa dhehebu lingine, mtu asiyekutegemea kwa lolote, umwambie ulivyoumia. Mahubiri uliyoandaa Jumatano, hubiri hayo hayo.

Na ninyi wazee, mpangieni mchungaji wenu siku moja ya kupumzika kila wiki, na siku hiyo msimpigie simu ila kwa msiba au mgonjwa mahututi.