Ping Ilisema Laini Ni Safi

Ndugu mafundi, na ninyi wanafunzi mlioketi nyuma, karibuni. Kila aliyewahi kukaa zamu anayajua malalamiko haya: mteja anapiga, anasema sauti za simu za ofisini kwake zinakatika. Unapiga ping mia, yaani ujumbe mdogo wa kupima unaoomba jibu, zinarudi mia. Unamjibu, "Laini ni safi." Mimi nilimjibu hivyo mteja mmoja siku tatu mfululizo, na siku zote tatu yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Ping inayoelekezwa kwa ruta, kifaa kinachopitisha data mtandaoni, mara nyingi hujibiwa na prosesa yake, ambayo ina kazi nyingine za maana zaidi, kwa hiyo ping husubiri. Fremu za mteja, yaani vifurushi vya data yake, hazipandi huko. Hupita moja kwa moja kwenye chipu. Basi ping inaweza kuchelewa wakati mteja hana tatizo lolote, na inaweza kurudi salama wakati mteja anaumia.

Mwaka 2006 ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lilitoa kiwango cha Y.1731, kinachopima kwenye tabaka la Etheneti lenyewe, yaani pale fremu za mteja zinapopita. Ruta ya kwanza inaigonga fremu ya kipimo mhuri wa muda inapoondoka. Ya pili inagonga mhuri inapoipokea na mwingine inapoirudisha. Ya kwanza inagonga wa nne fremu inaporudi. Tuseme kati ya mhuri wa kwanza na wa nne ni milisekunde 6.2, na fremu ilikaa upande wa pili milisekunde 0.9. Njia imechukua 5.3. Hata saa ya ruta ya pili ikiwa mbele kwa sekunde saba, jibu halibadiliki, maana kila saa imejitoa yenyewe kwa yenyewe. Mwanga ndani ya faiba hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hiyo mkongo wa kilomita 500 unakula milisekunde 5 kwenda na kurudi. Ile 0.3 iliyobaki ni vifaa na foleni.

Nawasihi, msiigawe 5.3 kwa mbili mkaita jibu hilo kuchelewa kwa njia moja. Kwenda huenda ni 2.8 na kurudi 2.5. Ukitaka njia moja, linganisha saa kwanza, kwa GPS au kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Mtikisiko wa ucheleweshaji, yaani kuchelewa kwa fremu moja kutofautiana na kwa nyenzake, huo unapimika hata saa zikiwa hazijalingana, mradi tofauti yao haibadiliki katikati ya kipimo.

Sasa upotevu, na hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Njia ya kaunta, yaani vihesabio vya kwenye vifaa, huhesabu fremu halisi za mteja. Unasoma mara mbili: upande mmoja umetuma 250,000 kati ya masomo hayo, upande wa pili umepokea 249,975. Zimepotea 25, moja katika kila 10,000. Ping mia zingeionaje hiyo? Lakini kaunta zinataka ncha mbili tu. Huduma ikiwa na matawi mengi, hesabu hazikutani, na hapo utatuma fremu za kutengeneza uzihesabu hizo. Nazo huona kadiri ya wingi wake: kumi kwa sekunde kwa dakika 15 ni 9,000, ambazo kwa upotevu wa moja katika 10,000 zinaweza zote kufika salama. Ongeza muda wa kipimo kabla hujaandika sifuri kwenye ripoti.

Nirudi kwa mteja wangu. Fremu za kipimo zina kipaumbele, na fundi ndiye anayekipanga. Siku ya nne tulizipa kipaumbele kilekile cha sauti, na kabla ya saa sita mchana upotevu ulikuwa umeonekana. Foleni ya sauti ilikuwa imewekewa kikomo kidogo mno, na simu za asubuhi zilikuwa zinakifikia, zinazozidi zinatupwa. Ping zangu zote zilikuwa zikipita foleni ya kawaida.