Njia ya Kuazima

Habari za jioni, ndugu zangu. Walionisikiliza mwaka jana wanajua ninakoelekea, kwa hiyo waendelee na chai yao. Leo, kabla ya matembezi yetu ya vilimani hapa Ireland, nasema na wageni kuhusu adabu ya kupita kwenye ardhi ya watu, hasa na yule kijana aliyenidaka mlangoni: "Mzee, mita 630 nazo ni mlima?"

Kijana wangu, kweli. White Hill, sehemu ya juu kabisa ya Wicklow Way, njia ndefu ya kutembea kwa miguu hapa Ireland, ni mita 630. Wewe umekulia Moshi, unaamka unautazama Kilimanjaro wa mita 5,895, una haki ya kucheka. Lakini nikuulize: pale Marangu mtu anaanzaje safari? Anafika getini, anaandikisha jina, analipa, anapewa kiongozi kwa sababu bila kiongozi haendi popote. Mzigo wanabeba wapagazi. Kila hatua anajua kwamba yuko kwa mwenyewe. Hapa Ireland unashuka kwenye basi pale Marlay Park, kusini mwa Dublin, hakuna anayekuuliza jina. Unaona kigingi, kina picha ya mtu wa njano anayetembea, na mshale. Unaufuata kilomita 130 hivi mpaka Clonegal na hujatoa hata senti moja. Sasa kwa kuwa hukulipa, unadhani ni pa bure. Na kwa kuwa ni pa bure, unadhani hapana mwenyewe.

Pana mwenyewe! Nimelisema hili mpaka mke wangu akisikia neno "mshale" anatoka chumbani.

Najua kuna mtu atasema mbona Scotland watu wanapita popote. Ndiyo, Scotland wana sheria ya mwaka 2003 inayowapa haki hiyo. Na England wana vijia vyenye haki ya kisheria, vimechorwa kwenye ramani, mwenye shamba apende asipende. Ireland si huku wala si kule. Njia zenye haki ya umma ni chache. Vilima hivi mnavyovipiga picha vingine ni msitu wa serikali, vingine hifadhi ya taifa, na vingine ni shamba la mtu, kondoo wake, nyasi zake, na wewe unapita kwa sababu alikubali. Aliyekubali anaweza kukataa. Mkiona njia nzuri ya mlimani ghafla inawatupa kwenye lami, mnakwepana na magari kilomita kadhaa, msimlaumu mchora ramani. Mara nyingi upande wa pili wa ua ruhusa haikupatikana.

Mtu aliyeibuni Wicklow Way, J.B. Malone, alilitoa wazo lake gazetini mwaka 1966. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 1980, njia nzima ikakamilika 1982. Miaka 16! Kupaka mshale rangi ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda shamba kwa shamba na kupiga hodi. Sisi watu wa hodi tungepaswa kulielewa hilo kuliko wote, lakini tukifika mlimani hodi tunaiacha kwenye gari.

Sasa niwape kisa cha geti. Mlio na chai, nyamazeni kidogo, kisa hiki hakichuji.

Ilikuwa Aprili, tuko tisa. Tukafika kwenye geti la chuma, liko wazi, limeshikiliwa nyuma kwa kamba ya bluu lisijifunge. Ndugu yetu mmoja, mtu wa adabu kabisa, akaifungua kamba na kulifunga geti. Akatutazama kama mtu aliyetoa sadaka. Tukaendelea. Tukala chapati zetu juu, tukapiga picha. Tunarudi, tunamkuta mzee amekaa juu ya pikipiki ya magurudumu manne, mbwa wake ametulia nyuma. Upande wa juu wa geti kondoo na vitoto vyao wanalia. Maji yao yalikuwa upande wa chini.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Aliuliza tu nani amelifunga. Watu wazima tisa tukatazama viatu. Akauliza tumetoka wapi. Tukamwambia. Akauliza kama kwetu watu wanafuga. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji wa Dodoma, akajibu kwa fahari ndiyo, tena sana. Mzee akamtazama. "Basi wewe ulijua," akasema, akawasha pikipiki yake.

Mtu wa Dodoma hajatembea nasi tena. Anasema ni goti.

Kwa hiyo: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Kibao kikisema vingine, fuata kibao. Na usiniambie "mimi nilikuwa nasaidia". Ukiingia kwa jirani ukakuta sufuria haina mfuniko, utaifunika? Huenda anapunguza mchuzi!

Mbwa. Mbwa hapana. "Lakini wangu ana tabia nzuri." Kondoo mwenye mimba haulizi tabia, anakimbia, na akikimbia sana mimba inatoka. Sheria ya hapa ya mwaka 1986 inampa mfugaji utetezi akimpiga risasi mbwa anayesumbua kondoo wake. Nimemaliza la mbwa.

Kingine, kesi. Mtembeaji mmoja alianguka kwenye njia ya mbao karibu na mlima Djouce, akashtaki, na mwaka 2016 mahakama ikampa fidia ya yuro 40,000. Mahakama Kuu ikaitengua mwaka uliofuata. Nyinyi mnasema basi, imekwisha. Mfugaji hakusikia iliyotenguliwa, alisikia elfu arobaini. Sheria ya 1995 inamlinda kiasi dhidi ya watembeaji wa burudani, lakini nenda kamweleze hivyo akiwa hajalala kwa ajili ya kondoo wanaozaa.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuwaeleza hiyo njia ya mbao ya Djouce, yale mataruma, mbao nene za kulazia reli, yaliyotandazwa pale juu na kufunikwa wavu wa waya. Kwa kifupi, mtembee juu ya mbao hizo. Pembeni ni kinamasi, mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, na kila anayekwepa tope kulinda viatu anaipanua njia, mpaka mlima unakuwa na kovu pana kama barabara ya Morogoro. Tope likiwepo, pita katikati yake. Viatu huoshwa.

Mishale ya rangi nyingine ni ya njia za mzunguko, zinazokurudisha ulipoanzia: kijani ndiyo nyepesi, kisha bluu, nyekundu, na zambarau ndiyo ya kukutoa jasho. Ukungu ukishuka na mshale haupo, rudi ulipouona wa mwisho. Namba ya dharura ni 112, omba kikosi cha uokoaji wa mlimani. Mvua sitaizungumzia, mnaishi nayo.

Basi linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi, na ninaposema saa mbili sisemi saa tatu. Yule dada aliyeuliza kuhusu mbwa mdogo wa mkobani, tuonane kabla hujatoka.