Chungu, Maji na Hewa: Namna Umbo la Chungu Linavyoamua Uhai wa Mizizi

Mabibi na mabwana, mama zetu wafinyanzi, wenye vitalu vya miche na wanafunzi mliofika hapa Kisumu leo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu usanifu wa chungu cha mmea, nami nitajikita katika swali moja: baada ya kumwagilia na maji kukoma kutoka chini, ni kiasi gani kinachobaki ndani ya chungu, na ni nini kinachokiamua? Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba ni tundu la chini. Tunatoboa tundu, tunatandaza kokoto juu yake, tunajaza udongo, na mmea ukinyauka tunalilaumu jua au mbegu. Hoja yangu ni kwamba kazi ya tundu ni kuyaruhusu maji yatoke tu. Kiasi kinachobaki huamuliwa na ukubwa wa nafasi zilizomo kati ya chembe za udongo, pamoja na kimo cha chungu chenyewe, na mfinyanzi anayelifahamu hilo anaweza kudhibiti unyevu kwa umbo la chombo chake kabla udongo haujatiwa.

Tazameni sifongo hii. Nimeiloweka ndani ya karai mpaka imeshiba. Sasa naiinua ikiwa imelala kibapa, na mnaona jinsi maji yanavyochuruzika, kisha yanageuka matone, kisha yanakoma. Sijaikamua. Naisimamisha sasa kwa upande wake mrefu, na maji yanaanza kutoka upya, mengi kabisa, mpaka karai linasikika. Sifongo ni ile ile na vitundu vyake ni vile vile. Kilichobadilika ni kimo chake. Ilipolala, karibu yote ilikuwa imejaa maji. Iliposimama, sehemu ya chini tu ndiyo iliyobaki imejaa, na sehemu ya juu ikaingiwa na hewa.

Ndivyo ilivyo ndani ya chungu. Maji hushikamana na kuta za nafasi ndogo zilizomo udongoni na kuvutwa juu na mvutano wa uso wake, huku uzito wake ukiyavuta chini. Mwanzoni mwa karne ya 18, James Jurin wa Uingereza alionyesha kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Katika mrija wa kioo safi wenye kipenyo cha milimita 1 maji hupanda takriban sentimita 3. Katika wenye kipenyo cha nusu milimita hupanda takriban sentimita 6. Na katika wa sehemu moja ya kumi ya milimita hupanda takriban sentimita 30. Udongo si mrija, lakini kanuni ni hiyo hiyo: juu kidogo ya sakafu ya chungu hubaki tabaka la udongo lililojaa maji pomoni, ambalo haliwezi kuondoka kwa uzito wake hata tundu likiwa wazi. Nitaliita tabaka la maji yaliyokwama. Udongo laini hulifanya liwe nene. Udongo wenye chembe kubwa hulifanya liwe jembamba. Ukipanua tundu mara mbili, maji yatatoka upesi zaidi, lakini kimo cha tabaka hilo hakitapungua.

Kwa nini tulijali tabaka hilo? Kwa sababu mizizi hupumua. Oksijeni huenea ndani ya maji kwa kasi iliyo ndogo takriban mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo mzizi uliozama hukosa pumzi ingawa umezungukwa na maji. Mzizi uliodhoofika hivyo hushambuliwa na vimelea vya jamii ya Pythium na Phytophthora, ambavyo mbegu zake huogelea ndani ya nafasi zilizojaa maji. Mwenye mmea huona majani yakilegea kana kwamba yana kiu, naye kwa huruma huongeza maji. Naisema habari hii kwa uchungu, maana miche mingi mizuri hufa kwa njia hii mikononi mwa watu wanaoipenda.

Tuipige hesabu. Tuseme mchanganyiko wako wa udongo unashikilia tabaka lililokwama la sentimita 5. Ukiujaza katika chungu cha udongo wa kina cha sentimita 10, nusu nzima ya makao ya mizizi ni tope. Ukiujaza katika chungu cha kina cha sentimita 25, tope ni moja ya tano tu. Sasa chukua chungu cha kina cha sentimita 20 na utandaze kokoto za sentimita 5 chini, kama tulivyofundishwa. Maji yaliyomo katika nafasi ndogo za udongo hayashuki kwa hiari kuingia katika nafasi kubwa za kokoto. Husimama pale udongo unapoishia. Tabaka la sentimita 5 limepanda juu ya kokoto, na udongo uliobaki ni sentimita 15 tu. Sehemu iliyojaa maji imetoka robo ikawa theluthi. Kokoto tulizoziweka ili kuusaidia mzizi zimeunyang'anya nafasi, na ningependa desturi hiyo iachwe kabisa. Ikiwa hofu yako ni udongo kumwagika kupitia tunduni, kipande cha wavu wa dirisha kinatosha.

Nije kwenye udongo wenyewe, maana chungu bora hakiwezi kuokoa udongo mbaya. Udongo mweusi wa Kano tunaoufahamu sote hutuna ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ndani ya chungu hali hiyo ni mbaya kuliko shambani: ukikauka hujitenga na ukuta, na maji unayomwagilia hupita katika ufa ule na kutokea chini bila kulowesha kitovu cha udongo. Wenzetu wa Nakuru wamejaliwa mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, pumisi, ambayo yakichekechwa na kuondolewa vumbi hufaa sana. Sisi tunayo makapi ya mpunga kutoka Ahero, ambayo ni mepesi na hayana bei kubwa. Lakini nasisitiza jambo ambalo hupuuzwa: kutupa konzi mbili za kokoto au pumisi ndani ya udongo laini hakusaidii. Chembe kubwa zikiwa chache huelea tu ndani ya udongo laini, na kila chembe huchukua mahali ambapo palikuwa na nafasi. Manufaa huanza pale chembe kubwa zinapokuwa nyingi kiasi cha kugusana zenyewe kwa zenyewe na kuacha mianya kati yao. Mchanganyiko, basi, uwe wa chembe kubwa kwa sehemu kubwa, na mboji au udongo tifutifu uwe ndio unaoongezwa.

Kuna kipimo ambacho kila mwenye kitalu anaweza kukifanya nyumbani. Ziba matundu ya chungu, kisha ukijaze maji kwa kopo lenye vipimo ili ujue ujazo wake. Kimwage, kitie mchanganyiko wako uliokwisha kuloweshwa kidogo, kisha ongeza maji polepole mpaka yaonekane juu ya udongo, ukikiacha kitulie ili hewa itoke. Weka beseni chini, fungua matundu, na uyakinge maji yote yanayotoka mpaka yakome. Maji hayo yameacha nafasi iliyojaa hewa. Chungu cha lita 5 kikitoa mililita 750, hewa ni asilimia 15, na mimea mingi ya vyungu hustawi kati ya asilimia 10 na 20. Ikiwa umepata mililita 300 tu, hiyo ni asilimia 6, na usishangae miche ikioza. Rudieni kipimo hicho kwa mchanganyiko ule ule katika chungu kirefu zaidi, nanyi mtaona asilimia ikipanda bila kubadilisha udongo hata kidogo.

Sasa niwageukie wafinyanzi. Anayepita barabara ya Kisumu kwenda Kakamega huona vyungu vilivyopangwa pale Ilesi, na ufundi ule hauhitaji kufundishwa na mtu kama mimi. Ninachoomba ni umbo. Chungu cha mmea usiotaka maji mengi kiwe kirefu kuliko upana wake. Bakuli pana lenye kina kifupi liachiwe mimea inayovumilia unyevu. Sakafu isiwe bapa kabisa, kwa sababu chungu bapa kikikalishwa juu ya saruji hujiziba chenyewe. Kiinuliwe kwa vijiguu vya sentimita 1 hadi 2, na matundu kadhaa yawekwe pembeni, pale ukuta unapokutana na sakafu, sakafu yenyewe ikiinuka kidogo katikati ili maji yaelekee huko.

Ukuta nao una kazi yake. Udongo wa kufinyangwa uliochomwa bila kupakwa rangi huvuja jasho. Ndiyo sababu maji ya kunywa hupoa ndani ya mtungi. Chungu cha namna hiyo hupoteza maji kupitia ukutani mchana kutwa, na hilo ni jema kwa mmea unaoogopa tope, ila ni gharama kwa sukuma wiki iliyowekwa kwenye roshani inayochomwa na jua la alasiri. Hapo ndipo ninapoona nafasi ya ubunifu mkubwa zaidi: chungu cha kuta mbili. Ukuta wa ndani uachwe wazi bila rangi, ukuta wa nje uzibwe, na maji yatiwe katikati. Udongo unapokauka huyavuta maji kupitia vitundu vya ukuta wa ndani. Unaposhiba, mvuto hulegea na maji hupungua kupita. Wakulima wa China walikuwa wakifukia mitungi ya maji karibu na mizizi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwa kanuni hii, na mmea ulijigawia wenyewe. Mfinyanzi atahitaji kujaribu unene wa ukuta na kiasi cha moto, kwa kuwa ukuta uliochomwa kwa moto mkali mno hufunga vitundu na kuyakataza maji.

Kwa wale watakaopendelea hifadhi ya maji chini ya chungu, mambo matatu hayana mjadala. Kwanza kuwe na tundu la ziada ubavuni mwa hifadhi, sentimita 2 chini ya sakafu inayobeba udongo, ili mvua kubwa ya Aprili isiyapandishe maji hadi kwenye mizizi. Kisha udongo uyafikie maji kwa mguu mmoja mwembamba au kwa utambi, si kwa sakafu nzima, na umbali kutoka maji hadi mizizi usizidi uwezo wa mchanganyiko kuyapandisha. Mchanganyiko wenye chembe kubwa sana hautayainua zaidi ya sentimita chache. Na mdomo wa kujazia maji ufunikwe kwa wavu, pamoja na lile tundu la ubavuni. Ukanda huu wa ziwa una malaria ya kutosha, na maji yaliyotuama hayapaswi kuachwa wazi kwa mbu wa aina yoyote, hata yakiwa kidogo.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza afanye nini na vyungu alivyo navyo tayari, vifupi na vyenye tundu moja. Asivitupe. Achukue ukanda wa kitambaa cha poliesta, kwa sababu pamba huoza baada ya miezi michache, auloweke kwanza, kisha aupitishe tunduni: nusu yake iingie katika udongo wa chini na nusu ining'inie nje, sentimita 10 au zaidi chini ya sakafu ya chungu. Chungu kiinuliwe juu ya matofali ili ukanda usiguse ardhi iliyolowa. Ukanda ule umeirefusha safu ya maji kwenda chini, sawa na kuisimamisha sifongo, na maji yaliyokwama yataanza kudondoka kwenye ncha yake. Awekee kopo chini yake, na kesho yake apime yaliyomo.