Mishipa ikikakamaa, mafigo ndiyo yanapigwa

Mama na baba zangu, wandugu wote wa Goma, jambo sana. Kila mmoja ana kikaratasi alichopewa mlangoni baada ya kupimwa tansio, yaani nguvu ya damu kwenye mishipa. Kitazameni. Kuna namba mbili. Toeni ya chini kwenye ya juu. Mwenye 120 kwa 80 anabaki na 40. Mwenye 165 kwa 70 anabaki na 95. Pengo hilo ndilo limenileta, maana tumezoea kuuliza tu kama tansio imepanda.

Moyo ukisukuma damu, mshipa mkubwa unaotoka moyoni hutanuka, hupokea kishindo, kisha hujirudi na kuipeleka damu taratibu. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, sukari iliyozidi hunata kwenye nyuzi za protini za ukuta wa mshipa na kuzifunga pamoja, mwaka baada ya mwaka. Chokaa nayo hujikusanya. Mshipa unakakamaa, pengo linapanuka. Mnajua chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, iliyotoka mpira kwenye magurudumu, ikishuka na gunia la viazi juu ya mawe ya volkano: kila jiwe linafika kwenye viazi.

Viazi ndiyo mafigo. Yanapokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayotoka moyoni, tena mishipa yake iko wazi, haizuii kishindo. Kila figo lina vichujio kama milioni 1, vya kuonekana kwa darubini tu. Vikipigwa mchana na usiku vinapata makovu, vinaachia protini iitwayo albumini iingie kwenye mkojo. Kichujio kilichokufa hakioti kingine. Figo likichoka, chumvi na maji vinabaki mwilini, tansio inapanda, mishipa inazidi kukaza.

Linaloniuma ni kwamba haya yote hayana maumivu. Mgongo ukiuma tunasema mafigo, na mara nyingi siyo. Figo lenyewe linaharibika kimya, mpaka siku uso na miguu vinavimba, na wakati huo tumeshachelewa sana.

Kwa hiyo mwenye sukari ya aina ya pili aombe kupimwa albumini kwenye mkojo na kreatinini, taka ambayo figo huitoa, kwenye damu tangu siku anapoambiwa anaumwa, halafu kila mwaka. Albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini iliyo kwenye mkojo huo, na ikabaki hivyo miezi 3, figo limeguswa. Hapo dawa za tansio, enalaprili au losartani, husaidia, kwa kuwa hushusha nguvu ya damu ndani ya vichujio vyenyewe. Mama mwenye mimba asizitumie. Dapagliflozini nayo, dawa ya sukari, utafiti mkubwa wa 2020 ulionyesha inapunguza mwendo wa kuharibika kwa figo.

Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku, gramu 5, pamoja na ile ya makayabo, samaki wa chumvi. Yalowekeni usiku kucha, mbadilishe maji.

Na wewe baba mwenye goti: diklofenaki, dawa ya maumivu unayonunua moja moja barabarani, inabana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Tukimaliza, pita hapa mbele na vidonge vyako vyote, hata vile vya kwenye mfuko visivyo na jina, tuviangalie pamoja.